Mlinzi wa Zamu ya Mchana

Usiku nalinda jengo la ghorofa kumi na moja, Posta.
Halijawahi kunitoroka.
Mchana, hapa Tabata Kimanga,
nalinda mtu mwenye kimo cha ndoo mbili zilizopandana,
na kila jioni narudi kazini nimeshindwa.

Mama yake huondoka alfajiri na beseni la maandazi.
Huniachia maagizo matatu:
mlishe, muogeshe, usilale.
Hilo la tatu ndilo mtihani.

Leo nilisinzia kidogo tu, wallahi,
kiasi cha kope kupeana mkono.
Nilipozinduka palikuwa kimya.
Nyumba yenye mtoto ikinyamaza, usishukuru.
Inuka.

Tunu yuko uani, kachuchumaa kando ya jaba, anaogesha.
Kaogesha kandambili zangu kwa sabuni ya unga.
Kaogesha kitunguu.
Kaogesha karatasi ya Luku,
tarakimu ishirini za umeme wa elfu tano,
mpaka zikatakata zote,
haikubaki hata moja.

"Tunu! Umefanya nini?"
"Chafu," akanijibu, akinionyesha wino vidoleni,
kwa upole, kama daktari anayeongea na ndugu wa mgonjwa.

Nikakimbilia simu nimpigie wakala.
Salio hakuna.
Kumbe binti alishapiga, tena kwa mwenye nyumba,
dakika kumi na nne.
Na mwenyewe huyo, kasimama mlangoni, kofia mkononi:
"Baba Tunu, nimeongea na msemaji wako.
Nimemuuliza kodi lini, akasema kesho.
Choo mtazibua lini? Kesho.
Mama yupo? Kesho.
Mtoto mdogo hivi, nani kamfundisha?"

Nikatazama kandambili.
Zilikuwa safi.

Saa saba, joto limeshuka hadi kwenye sakafu,
feni imening'inia kama popo.
"Baba, feni imelala?"
"Imelala."
"Iamshe."
"Haiamki mpaka ilipwe."
Akafikiri. Akaitazama, akanitazama.
"Kama Baba."

Sikuwa na jibu. Nilimpa chungwa.

Uji tulikunywa kwa vikombe,
maana kijiko chetu kimepotea tangu Jumanne,
na mke wangu ana yakini kakiazima Mama Chausiku
bila kuazima.
Siku nne sasa wanasalimiana kwa meno ya mbele tu,
wamegawana kamba ya kuanikia nguo
kama nchi mbili na mpaka wao.

Jioni mama akarudi, miguu imemjaa vumbi la stendi.
"Mmeshindaje?"
"Salama," nikasema.
"Salama," akasema Tunu, mikono nyuma,
na wote wawili tukatazama pembeni.

Wingu lilikuwa limefunga upande wa Segerea,
nikachukua koti langu la mvua msumarini.

Getini Posta, mashine ya kukagua ikalia.
Nikarudi nyuma, nikapita tena. Ikalia tena.
Mimi, ninayepekua mikoba ya wakurugenzi,
ninayewavua mikanda wageni wenye tai!
Lwitiko, mwenzangu wa zamu, akakunja mikono:
"Afande, toa silaha."

Nikaingiza mkono mfuko wa ndani.
Kitu laini. Soksi ya mtoto, ya kijani,
ile ambayo pacha wake hatujamwona tangu Ramadhani.
Ndani ya soksi, kijiko cha uji,
kimevutiwa soksi hadi shingoni,
kichwa nje ili kipumue.

Lwitiko alicheka mpaka akashika nguzo.
Mimi nilikitazama chini ya taa ile nyeupe,
kisha nikakirudisha palepale, polepole,
kisije kikaamka.

Katika daftari la zamu nikaandika: hali shwari.
Mama Chausiku nitamwomba radhi
kesho.